Tarakimu sita tu zilivyonitia aibu mtaani

Na MWANDISHI WETU

ILIKUWA Jumapili jioni, mwendo wa saa moja hivi. Nilikuwa nimejipumzisha sebuleni nikimenya machungwa, watoto wakitazama televisheni, simu yangu ilipotoa mlio. Ujumbe ulikuwa umeingia katika WhatsApp kutoka kwa mama mdogo, yaani dadake mama yangu, ambaye huishi Nakuru.

"Mwanangu, hujambo? Kuna nambari nilikuwa nitumiwe, ikaja kwako kwa bahati mbaya. Hebu nitumie upesi, nina haraka."

Mama mdogo si mtu wa kuulizwa maswali. Ndiye aliyenilipia karo kidato cha tatu na cha nne baba alipoachishwa kazi. Nikatazama upande wa arafa, na kweli, tarakimu sita zilikuwa zimeingia dakika hiyo hiyo. Palikuwa pia na onyo kwamba nisimpe mtu yeyote nambari hiyo. Onyo hilo sikulisoma. Nikazinakili zile tarakimu, nikazituma, nikarudi kwa machungwa yangu.

Muda si muda, WhatsApp ikajifunga. Nikadhani ni mtandao tu umeanza vituko vyake. Nikaizima simu, nikaenda kulala.

Asubuhi nikiwa ndani ya matatu kuelekea mjini, simu zikaanza kumiminika. Mwenzangu kazini alitaka kujua mtoto anaendeleaje. Shemeji akauliza tumelazwa hospitali gani. Hapo ndipo nilipong'amua kwamba usiku kucha "mimi" nilikuwa nikiwaandikia watu, nikiwaomba pesa za matibabu ya kifungua mimba wangu, ambaye wakati huo alikuwa darasani akiwa buheri wa afya.

Wengi walishuku. Mmoja hakushuku. Huyu ni jirani yetu hapa Umoja, mwalimu mstaafu ambaye mtaa mzima humwita Mwalimu na watoto wangu humwita babu. Alikuwa ametuma Sh6,500, pesa alizokuwa ameziweka kando za kununulia dawa zake za kisukari. Alipojaribu kuzirejesha, tayari zilikuwa zimeshatolewa.

Jioni nikaenda kwake kumweleza.

"Mwalimu, si mimi niliyekuandikia."

Akanitazama kwa muda mrefu. "Lakini lilikuwa jina lako, mwanangu. Na picha yako ilikuwa hapo hapo. Angekuwa mtu mwingine nisingetuma. Nilituma kwa sababu ni wewe."

Maneno hayo yalinichoma kuliko hasara yenyewe. Pesa nilimrudishia kwa awamu mbili. Aibu haina awamu.

Naye mama mdogo? Alikuwa ameibiwa akaunti yake alasiri ya siku hiyo hiyo, kwa hila ile ile, na mtu aliyejifanya mwanachama mwenzake wa chama cha akina mama. Kumbe tulikuwa tumepangwa mstari kama siafu, kila mmoja akimpitisha mwizi kwa mwenzake.

MWIZI ASIYEVUNJA MLANGO

Ni vyema kueleza jinsi mchezo huu unavyochezwa, maana wengi wanadhani wezi hawa wana uchawi fulani. Hawana.

Tapeli hahitaji kuigusa simu yako. Huchukua simu yake mwenyewe, akaweka WhatsApp mpya, kisha akaandika nambari yako ya simu kana kwamba ndiye wewe. WhatsApp, kwa kutaka kuhakikisha kwamba nambari hiyo ni yake kweli, hutuma tarakimu sita kwa arafa. Arafa hiyo haiendi kwake. Inakuja kwako, kwenye laini yako. Hapo tapeli hukwama. Mlango umefungwa na ufunguo umo mfukoni mwako.

Njia inayombakia ni kukuomba ufunguo huo, nawe umpe kwa hiari yako. Ndiyo sababu hutangulia kuiteka akaunti ya mtu unayempenda au unayemwogopa, kwa vile anajua mtu wa aina hiyo hutamuuliza swali.

Nilipojaribu kuirejesha akaunti, niliandika nambari yangu upya, nikaletewa tarakimu nyingine sita, nikaziingiza. Lakini simu ikanidai nambari ya pili ambayo sikuwahi kuiweka. Mwizi, ambaye sasa alikuwa mwerevu kuliko mwenye nyumba, alikuwa ameiweka yeye. Kwa bahati nzuri, kitendo cha kuingiza zile tarakimu za arafa kilitosha kumtimua kwenye akaunti. Lakini kwa kuwa sikuijua nambari ya pili, ilinibidi kungoja siku saba kabla ya kuruhusiwa kuingia.

Katika siku hizo saba nilipata wasaa wa kujiuliza. Nambari hiyo ya pili ni kitu gani? Na kwa nini mwizi aliijua kabla yangu?

KUFULI MBILI SI MOJA

Jambo lenyewe huitwa uthibitishaji wa hatua mbili. Maana yake ni kwamba akaunti yako haifunguki kwa kitu kimoja pekee. Wataalamu wa usalama hugawanya vitu vinavyoweza kukutambulisha katika mafungu matatu: kitu unachokijua, kama vile neno la siri, kitu ulicho nacho, kama vile simu au kadi, na kitu kilicho sehemu ya mwili wako, kama vile alama ya kidole au uso. Ukidaiwa viwili kutoka mafungu tofauti, mwizi aliyeiba kimoja bado yuko nje.

Usidhani haya ni mageni. Ukienda kwenye mashine ya benki, unahitaji kadi na unahitaji nambari ya siri. Aliyeokota kadi yako bila nambari hana kitu, na aliyechungulia nambari bila kadi hana kitu vilevile. Mashine ya kwanza ya aina hiyo ilizinduliwa na benki ya Barclays huko Enfield, kaskazini mwa London, Juni 27, 1967. John Shepherd-Barron, aliyeongoza kazi ya kuiunda, alisimulia baadaye kwamba alikusudia nambari ya siri iwe na tarakimu sita, lakini mkewe akamwambia mezani jikoni kwamba yeye anaweza kukumbuka nne tu. Zikawa nne, na mpaka leo benki nyingi duniani hutumia nne.

Hapa kwetu, tangu M-Pesa ilipoanzishwa Machi 2007, hata ajuza asiyejua kusoma amekuwa akitumia hatua mbili bila kujua jina lake. Laini iliyo ndani ya simu ni kitu alicho nacho. PIN ni kitu anachokijua. Si ajabu basi kwamba nyanya atakayempa mjukuu simu atume pesa atageukia ukutani anapobonyeza PIN. Ulinzi huo huo ndio tusiouweka kwenye barua pepe, Facebook na WhatsApp.

Neno la siri likiwa peke yake ni kinga dhaifu, na udhaifu huo una umri mrefu. Mapema katika miaka ya 1960, chuo cha MIT nchini Marekani kilikuwa na kompyuta moja kubwa iliyotumiwa na watu wengi kwa zamu, kila mmoja akiwa na neno lake la siri. Mwaka wa 1962 mtafiti mmoja kijana, Allan Scherr, aliona muda aliotengewa haumtoshi. Akaiagiza mashine imchapishie faili yenye maneno ya siri ya watu wote, nayo ikamchapishia. Tangu hapo wizi wa aina hii haujakoma, ila umepanuka tu. Kampuni ya LinkedIn ilivamiwa mwaka wa 2012, na kufikia 2016 ilibainika kwamba maneno ya siri ya watu zaidi ya milioni 100 yalikuwa yakiuzwa kwenye mitandao ya wezi.

Sasa fikiria wewe unayetumia neno moja la siri kila mahali, tena aghalabu jina la mtoto na mwaka aliozaliwa. Likivuja mahali pamoja, mwizi hulijaribu kwenye barua pepe yako, kwenye Facebook, na kwenye akaunti ya ushuru. Hapo ndipo kufuli ya pili inapookoa jahazi.

NAMBARI HUTOKA WAPI?

Njia inayojulikana zaidi ni ya arafa. Ukishaandika neno lako la siri, kampuni hukutumia tarakimu, kwa kawaida sita, ambazo hutumika mara moja tu na huisha nguvu baada ya dakika chache. Tarakimu sita hutoa michanganyiko milioni moja, kuanzia 000000 hadi 999999. Mwenye kubahatisha ana nafasi moja katika milioni, na mfumo humfungia nje akikosea mara chache.

Njia ya pili ni programu maalumu unayoiweka kwenye simu, kwa mfano Google Authenticator au Microsoft Authenticator. Hii haihitaji arafa wala intaneti wakati wa kuitumia, na wengi hushangaa ni vipi. Siri yake ni hii: siku ya kwanza unapoiunganisha na akaunti yako, unaelekeza kamera ya simu kwenye mraba wenye madoa meusi na meupe. Ndani ya mraba huo mna siri ndefu, ambayo sasa huwekwa katika simu yako na kwenye mitambo ya kampuni. Baada ya hapo, kila upande huichanganya siri hiyo na saa ya wakati huo kwa hesabu ile ile, na kupata tarakimu sita zile zile. Kila baada ya sekunde 30 tarakimu hubadilika.

Ni kama mapishi. Wapishi wawili wakipewa viungo vilivyo sawa na wakaanza saa ile ile, mmoja akiwa Mombasa na mwenzake Kisumu, sufuria zao zitatoa mchuzi mmoja ingawa hawajapigiana simu. Kanuni ya hesabu hiyo ilichapishwa hadharani mwaka wa 2011, na yeyote anaweza kuisoma. Kinachofichwa ni viungo. Kwa sababu hiyo, ukiwa kijijini kusiko na mtandao bado tarakimu zitatokea. Lakini saa ya simu yako ikiwa imepotoka, tarakimu zitakataliwa. Iache simu ijirekebishe saa yenyewe.

Njia ya tatu ni swali linalojitokeza kwenye simu: "Je, ni wewe unayejaribu kuingia?" Unabonyeza ndiyo au la. Ni rahisi, lakini urahisi wake ni mtego kwa mtu mwenye mazoea ya kubonyeza ndiyo kila kitu. Mwaka wa 2022 kampuni ya Uber ilivamiwa baada ya mwizi kumbombadia mfanyakazi wa mkataba kwa maswali hayo mara kwa mara. Alikataa, akakataa tena, mwishowe akakubali moja.

Njia ya nne ni kifaa kidogo mfano wa flashi unachokichomeka kwenye kompyuta au kukigusisha kwenye simu. Uzuri wake ni kwamba hakidanganyiki na kurasa bandia. Wewe unaweza kudhani ukurasa ni wa benki yako, lakini chenyewe hukagua anwani na kunyamaza kikiona si yenyewe. Kwa familia nyingi bei yake bado ni mzigo, lakini mwenye biashara kubwa au kazi nyeti afikirie.

KINGA INA KIWANGO GANI?

Mwaka wa 2019 Google, pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha New York na kile cha California kilichoko San Diego, walitoa matokeo ya utafiti wao. Tarakimu zinazotumwa kwa arafa zilizuia mashambulizi yote yaliyofanywa na mashine zinazobahatisha zenyewe. Zilizuia pia asilimia 96 ya mitego inayotegewa umma kwa wingi, na asilimia 76 ya mashambulizi yanayomlenga mtu mmoja mahsusi. Swali la ndiyo au la lilifikia asilimia 99 na asilimia 90 katika mafungu hayo mawili ya mwisho. Kile kifaa cha kuchomeka hakikupenywa hata mara moja.

Mwaka wa 2021 Google iliwawekea watu zaidi ya milioni 150 hatua mbili bila kungoja waombe. Februari 2022 ikatangaza kwamba visa vya akaunti zao kutekwa vilipungua kwa nusu.

Hata hivyo, takwimu hizo zenyewe zinaonyesha kwamba arafa ina upenyo. Upenyo wa kwanza ni laini yako. Mtu akifaulu kuihadaa kampuni ya simu impe laini mpya yenye nambari yako, arafa zako zote zitaingia kwake. Hata wakubwa hawakupona. Agosti 30, 2019 akaunti ya Twitter ya Jack Dorsey, aliyekuwa mkuu wa Twitter yenyewe, ilianza kutoa matusi baada ya wahalifu kuiteka nambari yake ya simu. Ukiona simu yako imepoteza mtandao ghafla na majirani wanao, usiketi ukingoje urudi. Azima simu nyingine, uwasiliane na kampuni yako mara moja.

Upenyo wa pili ni mdomo wako. Kufuli hata iwe ya chuma cha pua haina faida ikiwa mwenye nyumba atampitishia mwizi ufunguo dirishani.

Na je, tarakimu zikikujia nawe hukuziomba? Usizipuuze. Zikiwa za WhatsApp, maana yake kuna mtu ameandika nambari yako kwenye simu yake. Usimpe mtu, basi. Lakini zikiwa za barua pepe yenye hatua mbili, maana yake yamkini mtu ameshalijua neno lako la siri na amekwama kwenye kufuli ya pili. Badilisha neno hilo siku hiyo hiyo.

ALIYEJIFUNGIA NJE

Nilipomsimulia yaliyonipata mpwa wangu, mwanafunzi wa mwaka wa tatu chuo kikuu, nilidhani atanicheka. Hakucheka.

"Shangazi, mimi yangu yalikuwa kinyume," akasema. "Wewe ulimfungulia mwizi. Mimi nilijifungia mwenyewe."

Kijana huyu alikuwa ameweka hatua mbili kwenye barua pepe yake kwa kutumia programu ya simu, jambo la kupongezwa. Siku moja akanyang'anywa simu dirishani mwa matatu. Akanunua nyingine ya mitumba, akaenda kuingia kwenye barua pepe, akadaiwa tarakimu sita. Tarakimu zilikuwa kwenye simu iliyokwenda na mwizi. Ndani ya barua pepe hiyo mlikuwa na sura mbili za utafiti wake, mawasiliano na msimamizi wake, na barua ya kampuni iliyokuwa imempa nafasi ya kwenda kujifunza kazi.

"Ulifanya nini?" nikamuuliza.

"Nilizunguka siku tisa nikijibu maswali ya kuthibitisha kwamba mimi ni mimi. Nafasi ile ilipewa mtu mwingine."

Kosa lake lilikuwa moja. Siku alipoweka hatua mbili, alipewa uwezo wa kuchukua nambari za akiba, akapita bila kuzichukua. Google kwa mfano hukupa nambari kumi za akiba, kila moja ikiwa na tarakimu nane na ikitumika mara moja tu. Hizo ndizo ufunguo wa ziada, kama ule unaouacha kwa jirani mwaminifu. Usizihifadhi ndani ya simu hiyo hiyo, maana simu ikienda zimekwenda nayo. Ziandike kwenye karatasi, karatasi uiweke pamoja na vyeti vya kuzaliwa na hati nyingine za nyumbani.

YA KUFANYA LEO KABLA HUJALALA

Anza na barua pepe. Wengi hukimbilia Facebook, lakini barua pepe ndiyo mama wa akaunti zote, kwa kuwa ukisahau neno la siri popote, njia ya kulibadilisha huletwa huko. Aliyeiteka barua pepe yako ameziteka zote. Kwenye Gmail, ingia katika sehemu ya kusimamia akaunti, fungua usalama, kisha uthibitishaji wa hatua mbili, ufuate maagizo. Usiondoke kabla ya kuchukua nambari za akiba.

Kisha nenda WhatsApp. Fungua mipangilio, halafu akaunti, halafu uthibitishaji wa hatua mbili, uweke nambari ya siri ya tarakimu sita unayoichagua mwenyewe. Huduma hii imekuwepo kwa watumiaji wote tangu Februari 2017. Mimi ningeiweka mapema, hata baada ya kutoa zile tarakimu za arafa mwizi angedaiwa nambari nyingine ambayo haiji kwa arafa, na Mwalimu angekuwa na dawa zake. Ongeza anwani ya barua pepe unapoulizwa, ili ukisahau nambari upate njia ya kurudi.

Tatu, akaunti za serikali na za fedha. Unapojisajili au kuingia kwenye huduma za kuomba pasipoti, kulipa ushuru au mkopo wa masomo, hakikisha nambari ya simu iliyoandikwa huko ni yako na bado unaitumia. Wapo waliojisajiliwa na mhudumu wa saiba, naye kwa haraka zake akaandika nambari yake mwenyewe. Tarakimu za uthibitisho zitakuwa zikienda kwake mpaka lini?

Nne, wanafunzi wanaotumia saiba au kompyuta za maktaba. Mifumo mingi huuliza kama kifaa hicho ni cha kuaminika ili isikudai tarakimu tena. Nyumbani kubali ukitaka. Saiba usikubali kamwe, na uhakikishe umejitoa kabla ya kuinuka kitini.

Tano, zuia maandishi ya arafa yasionekane kwenye simu iliyofungwa. Simu iliyowekwa mezani pa hoteli ikitangaza tarakimu zake kwa kila apitaye haina siri. Unaweza pia kuiwekea laini yenyewe PIN, ili akiitoa mtu kwenye simu yako na kuitia kwenye yake isimfanyie kazi. Ila ujihadhari, maana ukikosea mara tatu laini hujifunga mpaka upate nambari ya kuifungua kutoka kwa kampuni.

Na yakikufika, usifiche kwa haya. Waarifu jamaa na marafiki kwa njia nyingine papo hapo, maana kila dakika unayonyamaza mwizi anaomba pesa kwa jina lako. Piga ripoti polisi. Sheria ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mitandao inamwekea anayeingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini faini isiyozidi Sh5 milioni, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili.

"HATA WEWE?"

Wiki mbili baada ya mkasa wangu nilikwenda nyumbani mashambani kumjulia hali baba. Anatimiza miaka 74. Nilimkuta na simu mpya aliyonunuliwa na kakangu, ana WhatsApp, na ameanza kutuma picha za ng'ombe wake kwa familia nzima alfajiri.

Nikaketi naye kivulini, nikamwekea hatua mbili. Aliichagua nambari mwenyewe baada ya kufikiri sana, nami nikatazama kando. Halafu nikamweleza.

"Baba, kuna siku zitaingia tarakimu kwenye simu yako. Usimpe mtu yeyote."

"Mtu wa benki je?"

"Mtu wa benki hakuombi. Anayeomba si wa benki."

"Kasisi?"

"Hata kasisi."

"Mama yako mdogo?"

"Huyo hasa!" nikasema, tukacheka sote wawili.

Akanyamaza kidogo, akaniangalia kwa lile jicho alilokuwa akiniangalia nalo nilipokuwa nikileta ripoti ya shule.

"Na wewe?"

"Hata mimi, baba. Nikikuandikia nikikuomba, ujue si mimi. Nipigie simu usikie sauti yangu, na ukishaisikia, bado usinipe."

Alitikisa kichwa polepole. Katika malezi yetu tulifunzwa kwamba mtu wa nyumbani hanyimwi. Chumvi hanyimwi, kiti hanyimwi, ufunguo wa ghala hanyimwi. Ni ugumu kumfunza mzee kwamba kuna kitu kimoja ambacho hata mwanawe wa kumzaa atanyimwa, na kwamba kumnyima ndiyo kumpenda.

Juzi jioni nilimjaribu. Nilimwandikia kwamba kuna nambari imekwenda kwake kwa bahati mbaya, anitumie upesi. Hakujibu. Baada ya dakika kama tano simu yangu ikalia.

"Wewe mwizi," ikasema sauti ya baba, "mwambie binti yangu kwamba ng'ombe amezaa."